Bahari Iliyofungwa na Mpaka wa Kavimvira

Mazungumzo ya leo yanaanzia mbali, China, zaidi ya miaka 600 iliyopita, kisha yatarudi hapa kwetu Uvira, penye kizuizi cha Kavimvira, mpakani na Burundi. Nawaomba mnivumilie katika safari hiyo. Yaliyowapata wavuvi na wachuuzi wa pwani ya China chini ya wafalme wao hayako mbali na yanayotupata sisi kila mara wakubwa wanapogombana na mpaka ukafungwa.

Mwaka 1368 mtu mmoja aitwaye Zhu Yuanzhang alitwaa kiti cha ufalme wa China na kuanzisha ukoo wa Ming. Alizaliwa katika umaskini mkubwa, akawa yatima, akaishi kama mtawa wa Kibudha akiombaomba chakula vijijini. Nchi aliyoishika ilikuwa imechoshwa na vita. Pwani ilisumbuliwa na maharamia kutoka upande wa Japani, na baadhi ya maadui zake walikuwa wamejificha visiwani. Basi mwaka 1371 alitoa amri kwamba raia wa pwani wasiende baharini kufanya biashara. Amri hiyo ilirudiwa tena na tena, kila mara kwa ukali zaidi, mpaka ikasemwa kwamba hata ubao mmoja usiguse maji. Biashara ya nje ikabaki kuwa jambo la wafalme kwa wafalme. Wajumbe wa nchi nyingine walikuja na zawadi, wakamsujudia mfalme, wakapewa zawadi kubwa kuliko walizoleta, wakauza kidogo pembeni mbele ya macho ya maofisa, wakarudi makwao.

Wengi wetu tuliosoma tumewahi kusikia jina la Zheng He. Alikuwa Muislamu wa Yunnan, aliyetekwa vitani akiwa mtoto, akahasiwa, akalelewa katika nyumba ya mwana wa mfalme. Mwana huyo alipokuja kuwa mfalme Yongle, alimpa Zheng He merikebu kwa mamia na watu zaidi ya 27,000, na safari ya kwanza ikaondoka mwaka 1405. Zilifanyika safari 7, mpaka 1433. Merikebu zilifika India, Hormuz, Aden, na pwani yetu ya Afrika Mashariki: Mogadishu, Barawa, Malindi. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika China na twiga, na watu wa mfalme wakamwona kuwa ni qilin, mnyama wa baraka anayesemwa kujitokeza tu pale mtawala anapotawala kwa haki. Halafu safari zikakoma. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, miaka 65 baada ya safari ya mwisho ya Zheng He, hakukuta merikebu hata moja ya mfalme wa China.

Kwa kawaida hadithi inasimuliwa hivi: China ilikuwa wazi, kisha ikajifungia, ndiyo maana ikapitwa. Mimi naiona kwa namna nyingine, na hapa ndipo penye kiini cha ninayotaka kusema leo. Katika miaka ile yote ya Zheng He, wakati merikebu za mfalme zinapasua Bahari ya Hindi na twiga anapokelewa kwa shangwe, ile amri ya 1371 ilikuwa bado ipo. Mfalme alikuwa na bahari nzima. Mvuvi wa Fujian aliyetaka kupeleka vyungu na vitambaa nje auze, apate mchele wa watoto, hakuwa na ruhusa. Kwa hiyo amri ile haikuifunga China. Iliwafungia njia wadogo na kuwaachia wakubwa.

Fujian ni mkoa wa kusini mashariki mwa China, na ukiusikia ulivyo utadhani unaelezwa Uvira. Nyuma yake ni milima, mbele yake ni maji, na katikati ni utepe mwembamba wa ardhi usiotosha kulisha watu wake. Sisi nyuma yetu kuna milima ya Mitumba, mbele yetu Tanganyika, na kaskazini kuna uwanda wa Rusizi, ambao tunaugombania miaka nenda miaka rudi. Watu wa mahali pa namna hii hawawezi kuishi kwa jembe peke yake. Lazima wavuke. Burton na Speke walipofika Uvira Aprili 1858 waliwakuta hapa wafanyabiashara waliokuja kutoka Ujiji kwa mitumbwi, na Kiswahili hiki ninachowasemesha kilikuja kwa njia hiyohiyo ya biashara ya ng'ambo. Kumwambia mtu wa Uvira asivuke ni kumwambia asile.

Watu wa Fujian nao walivuka. Katikati ya miaka ya 1500, Japani ilikuwa imepata migodi mikubwa ya fedha, na China ilikuwa na njaa ya fedha hiyo, kwa kuwa kodi na biashara zake zilikuwa zikihamia kwenye fedha. Hariri ya China, huko Japani, ilikuwa na bei nzuri sana. Mali inatakiwa upande huu, malipo yapo upande ule, na katikati kuna amri. Ikazaliwa frodi, yaani magendo, kubwa sana. Karibu na mji wa Ningbo kulikuwa na bandari ya kisiwani iitwayo Shuangyu, ambayo haikuwa katika daftari lolote la serikali. Wachina, Wajapani na Wareno walikutana pale, wakauziana, wakapigana, wakaoana.

Mwaka 1547 mfalme alimtuma ofisa mmoja aitwaye Zhu Wan akomeshe mambo hayo. Wote wanaosimulia habari zake wanakubaliana kwamba alikuwa mtu mwaminifu, asiyepokea kitu chini ya meza. Mwaka 1548 aliivamia Shuangyu, akaichoma, akaziba mlango wa bandari kwa mawe. Aliwakamata wafanya magendo na kuwaua. Kisha akagundua kitu ambacho ofisa yeyote mwaminifu wa duane, yaani forodha, anakigundua siku moja: kwamba wenye mali iliyokuwa ndani ya zile meli walikuwa ni matajiri wa mkoa, watu wenye ndugu zao katika serikali, wenye kofia na majoho ya heshima. Aliandika kwamba kuwamaliza maharamia wa nje ni rahisi, wa ndani ni vigumu, na walio vigumu kupita wote ni wale waliovaa majoho. Matajiri wale wakamshtaki kwa mfalme kwamba anaua watu bila idhini. Akavuliwa cheo. Kabla hajakamatwa alikunywa sumu akafa.

Naumia kila ninapoisoma habari ya mtu huyu. Alitumwa kulinda sheria ambayo matajiri wenye ndugu zao serikalini walikuwa wanaivunja, akaangamia peke yake.

Baada yake mambo yaliharibika zaidi. Mfanyabiashara mmoja, Wang Zhi, aliyekuwa akiomba mara kwa mara biashara ihalalishwe, alihamia Japani na kuwa kiongozi wa kundi kubwa la watu wa baharini. Miaka ya 1550 pwani ya China ilichomwa na watu walioitwa maharamia wa Kijapani, lakini wengi wao walikuwa Wachina wenyewe: wavuvi, mabaharia, wabebaji mizigo walionyang'anywa kazi. Wang Zhi alikubali kujisalimisha akitumaini msamaha, wakamfunga, baadaye wakamkata kichwa. Vita haikuisha kwa kichwa chake. Ilipungua kweli baada ya mwaka 1567, pale gavana wa Fujian, Tu Zemin, alipoiandikia serikali ya Beijing kuomba bandari moja ya mkoa wake ifunguliwe kwa leseni. Ikakubaliwa. Bandari ile, Yuegang, ilianza na leseni 50 za meli, na kabla karne haijaisha zikapita 100. Japani ilibaki marufuku, lakini mlango ulikuwa umefunguka. Watu waliokuwa wanaitwa maharamia wakawa wafanyabiashara, wakalipa ushuru.

Kupitia mlango huo kiliingia hata chakula. Inasimuliwa kwamba mwaka 1593 mfanyabiashara wa Fujian, Chen Zhenlong, alirudi kutoka visiwa vya Ufilipino akiwa ameficha mashina ya viazi vitamu ndani ya kamba za meli, kwa kuwa Wahispania waliokuwa wakitawala kule walikataza yasitolewe. Mwaka uliofuata Fujian ilipatwa na njaa, na viazi vile vikapandwa. Mtu wa Fizi au wa Lemera hahitaji kuelezwa kiazi kitamu kinafanya nini mwaka ambao mahindi yamekataa.

Sasa turudi nyumbani.

Januari 1973 Rais Mobutu, nchi yetu ikiitwa Zaire, alikwenda Beijing, akapokelewa na Mao. Tarehe 30 Novemba mwaka huohuo akatangaza kile tulichokiita zairianisation: maduka, mashamba na makampuni ya wageni yakachukuliwa, wakapewa wananchi. Kwa maneno, lilikuwa jambo la haki. Nchi ni yetu, kwa nini duka liwe la Mgiriki au la Mhindi? Kwa vitendo, maduka hayakwenda kwa karani aliyezijua hesabu zake kwa miaka 20. Yalikwenda kwa wakubwa wa chama na ndugu zao. Waliuza mali iliyokuwa kwenye rafu, na rafu zilipobaki tupu hawakuwa na uhusiano na wauzaji wa nje wa kuzijaza tena. Miaka miwili mitatu baadaye Mobutu mwenyewe alianza kuwarudishia wenyewe mali zao, lakini wengi walikwisha kuondoka na hawakurudi.

Kilichofuata ndicho kilichofuata Fujian. Bei rasmi ya fedha yetu, zaire, ilikuwa moja, ya njiani nyingine. Dhahabu ilitakiwa iuzwe kwa njia ya serikali kwa bei ya serikali, ambayo mchimbaji hakuitaka. Dhahabu ya Fizi na Mwenga ikapita hapa Uvira, ikavuka, na Burundi ikawa inauza nje dhahabu nyingi kuliko migodi yake ilivyoweza kutoa. Kahawa nayo ilivuka. Waliokuwa wakikamatwa ni vijana waliobeba begi. Wenye begi tuliwafahamu, walisalimiwa kwa heshima. Wazee wetu walisema penye udhia penyeza rupia, na mpaka uliofungwa ni udhia wa kila siku kwa asiye na rupia ya kupenyeza.

Wenzetu wa Tanzania walipita huko pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nguo na sabuni vilipoadimika madukani, mtu wa Kigoma alijua kwamba kitenge kitatoka upande wetu wa ziwa, usiku, kwa boti. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine aliendesha ile vita dhidi ya wahujumu uchumi. Nia yake ilikuwa njema, na watu wa kawaida walimpenda kwa sababu walimwona akiwagusa matajiri. Hata hivyo bidhaa hazikurudi madukani kwa nguvu ya polisi. Zilirudi pale njia za kuziingiza zilipofunguliwa.

Kisha ukaja mwaka 1996. Julai Buyoya alichukua madaraka Bujumbura kwa nguvu ya jeshi, na tarehe 31 mwezi huo wakuu wa nchi jirani walikutana Arusha wakaamua kuiwekea Burundi vikwazo vya biashara. Mwalimu Nyerere alikuwa mpatanishi. Sina neno baya kwa Mwalimu. Alitaka kuwalazimisha wenye bunduki wakae mezani, na mwishowe walikaa. Lakini waliolipa ni akina nani? Mafuta yaliendelea kuingia Bujumbura kwa njia za kando, kwa bei iliyopanda juu ya uwezo wa mwananchi, na wenye uhusiano na wakubwa wa jeshi walitajirika kwa mafuta hayo. Mkulima wa kilimani alikosa mbolea. Mama wa Gatumba, ng'ambo ya Kavimvira, aliyekuwa akiuza nyanya kwetu alikosa nauli ya kuzifikisha. Vikwazo vilisimamishwa Januari 1999, na kwa miaka ile karibu miwili na nusu frodi ilikuwa imepata mizizi ambayo hata amani haikuing'oa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa karibu, sote tuliuishi. Machi 2020, kwa ajili ya Korona, Rais Tshisekedi alitangaza hali ya dharura na kufunga mipaka. Burundi nayo ikafunga. Sikilizeni vizuri namna ilivyofungwa. Malori ya mizigo yaliruhusiwa kupita. Boti za mizigo ziliruhusiwa. Watu ndio waliokatazwa. Kwa mtu mwenye lori, mpaka ulikuwa wazi, tena bila foleni. Kwa mama mwenye beseni la ndagala kichwani, mpaka ulikuwa umekufa, kwa sababu mzigo wake na mwili wake vinakwenda pamoja. Hakuna mtu aliyekaa Kinshasa wala Gitega akasema: tuwaumize wamama. Walifikiri wanaliacha tundu la biashara wazi. Hawakujua kwamba kwetu biashara inatembea kwa miguu. Upande wa Gatumba hali hiyo ilidumu zaidi ya mwaka mmoja, mpaka katikati ya 2021.

Nani anavuka Kavimvira siku ya kawaida? Kutoka kwetu hupita vitenge, mawese ya Baraka na Fizi, samaki, muhogo. Kutoka kwao huja nyanya, vitunguu, matunda, sabuni, bia, saruji. Bujumbura iko karibu nasi kuliko Bukavu, na barabara yake ni nzuri zaidi. Mama wa Kasenga, hapa mjini, akiamka alfajiri anaweza kwenda, kuuza, kununua na kurudi kabla ya jioni, na faida ya siku moja ni chakula cha siku moja na sehemu kidogo ya ada ya shule. Hana akiba ya kungojea wiki mbili za mazungumzo ya mawaziri. Wiki mbili zinatosha kumaliza mtaji wake wote, na mtaji ukiliwa, mpaka hata ukifunguliwa hana cha kuvukia.

Kipindi cha Korona, kwenye mipaka ya Kivu, wamama waliunganisha mizigo yao midogo ikapakiwa katika lori moja, wakaelewana kwa simu na wenzao wa ng'ambo wapokee na kuuza. Ulikuwa ubunifu mkubwa, na uliokoa baadhi. Lakini uliwaweka chini ya mwenye lori. Yeye ndiye aliyepanga bei ya kubeba, na mzigo ukioza njiani hakulipa.

Wengine walipita vichochoroni. Hapa nazungumza na wenzangu wa kiume hasa, maana tunayajua na tunayanyamazia. Njia ya kichochoro kwa mwanamke haina risiti, na analolipa si fedha tu. Kila saa tunayoongeza kufungwa kwa njia ya halali, tunamsukuma dada yetu kwenye njia ile. Kule Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, mpaka ulipofungwa kuanzia Februari 2019 hadi mwisho wa Januari 2022, kuna watu waliopigwa risasi wakivuka na mizigo. Walikuwa wamebeba bidhaa za kawaida za soko.

Najua jibu la upande wa pili, na ni jibu la kweli. Uvira si mahali pa amani ya kudumu. Waasi wanavuka, silaha zinavuka. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda baada ya shambulio la Desemba 2023 la waasi wa RED-Tabara, ambao Burundi ilidai wanasaidiwa na Rwanda, lililoua raia pale Vugizo, si mbali na hapa tulipo. Serikali iliyozika watu wake haiwezi kuambiwa isifanye kitu. Hata wafalme wa China hawakuwa wapumbavu. Maharamia walikuwepo kweli, na maadui walikuwepo kweli.

Lakini tazameni walichofanya mwaka 1661. Ukoo mpya wa Qing ulikuwa ukipigana na Zheng Chenggong, aliyekuwa na jeshi la majini na aliyekwenda kuishika Taiwan. Ili akose chakula na msaada, serikali iliamuru watu wote wa pwani ya kusini mashariki wahamishwe kwenda bara, mwendo wa kilomita 15, mahali pengine zaidi. Vijiji vilichomwa. Mashua zilivunjwa. Aliyerudi kuvua aliuawa. Hali hiyo iliendelea kwa miaka karibu 20, na familia nyingi zilikufa kwa njaa zikiwa karibu na bahari iliyojaa samaki. Taiwan haikuangushwa na njaa ya wavuvi. Iliangushwa mwaka 1683 na meli za vita, chini ya jemadari Shi Lang, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa pwani ya Fujian. Mwaka uliofuata mfalme Kangxi aliwaruhusu watu kwenda tena baharini, na ofisi nne za duane zikawekwa kwenye pwani.

Kuna sehemu nyingine ya historia hii inayowahusu moja kwa moja wafanyabiashara wetu wa vitenge. Mji ambao leo wanaupandia ndege kwenda kununua mali, Guangzhou, ndio ule uliokuwa mlango pekee wa Wazungu kuanzia 1757, baada ya mfalme Qianlong kuamua kwamba meli za Ulaya ziishie pale tu. Wageni walikaa katika nyumba chache kando ya mto. Hawakuruhusiwa kuingia mjini wala kufundishwa Kichina. Biashara yao ilipitia mikononi mwa matajiri wachache waliopewa leseni, na mmoja wao, Wu Bingjian, alitajirika kupita karibu kila mtu duniani wa wakati wake. Mwaka 1759 Mwingereza James Flint alipeleka malalamiko kaskazini kuhusu ushuru wa magendo wa maofisa wa Guangzhou. Flint alifungwa Macau miaka mitatu kisha akafukuzwa. Mchina aliyemsaidia kuandika barua ile, Liu Yabian, alikatwa kichwa. Hata pale mwenye kosa alipokuwa mgeni, mdogo wa nchi ndiye aliyelipa zaidi.

Na mlango huo mmoja uliolindwa hivyo, je, uliizuia sumu? Kasumba ilipigwa marufuku China tangu 1729. Waingereza waliendelea kuileta kutoka India, wakaiuza nje kidogo ya Guangzhou, katika meli zilizotia nanga karibu na kisiwa cha Lintin, na boti nyepesi za Wachina zikaichukua na kupita mbele ya walinzi waliolipwa. Lin Zexu alipofika mwaka 1839 na kuharibu zaidi ya makasha 20,000 ya kasumba pale Humen, alikuwa na haki kabisa, na Uingereza ilipoanzisha vita kwa ajili hiyo ilitenda uovu ambao hakuna maneno ya kuusafisha. China ilishindwa, na kwa mkataba wa Nanjing wa 1842 ikafunguliwa bandari tano kwa mizinga, ikapoteza Hong Kong na kulipa dola milioni 21 za fedha. Kwa hiyo anayeniambia kwamba kufungua mlango kuna hatari, namkubalia. Lakini kasumba haikuingia kwa mlango uliofunguliwa kwa wachuuzi. Iliingia kwa njia ileile iliyozoeshwa na zaidi ya miaka 80 ya mlango mmoja wenye funguo za watu wachache.

Ndiyo maana nasema, na nasema kwa moyo wote: serikali zetu mbili, na nyingine zote za ziwa hili, zipekue, zilinde, zikamate silaha, zifunge njia kwa anayejulikana kuwa ni mtu wa vita. Lakini mpaka usitumiwe kama fimbo ya kuchapana wakubwa. Na inapolazimika kufunga, basi mzigo wa kichwani na wa baiskeli uwe wa mwisho kuzuiwa na wa kwanza kuachiliwa, si kinyume chake kama tulivyoona 2020. Lori ndilo linaloweza kuficha bunduki 200. Beseni la nyanya linapekuliwa kwa dakika moja.

Hili haliombi sheria mpya. Burundi iko katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, Congo tangu Julai 2022. Nchi zetu mbili pamoja na Rwanda zilikuwa na CEPGL, jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Maziwa Makuu, tangu 1976. Karatasi zipo Arusha na Gisenyi, zimetiwa sahihi. Kinachokosekana ni zile karatasi kubandikwa ukutani pale Kavimvira na Gatumba, kwa Kiswahili na Kirundi, zikionyesha mama mwenye kilo 20 za ndagala analipa nini, anamlipa nani, na hapaswi kulipa nini, ili anayemdai zaidi aonyeshwe ukuta.

Tu Zemin alikuwa gavana wa mkoa wa mbali, mwenye milima nyuma na maji mbele, na aliandika barua kwenda mji mkuu kuwaeleza wasioijua pwani jinsi pwani inavyoishi. Sisi tuna meya hapa Uvira, tuna gavana wa Kivu Kusini, tuna wabunge Kinshasa waliokuja kuomba kura zetu Kasenga mlango kwa mlango. Barua hiyo ni kazi yao. Na kwa kuwa hawawezi kuandika wasichokijua, nawaalika wamama wote wanaovuka Kavimvira, walio katika vyama na wasio katika chama chochote: leteni hapa redioni, kwa maandishi au kwa mdomo, bidhaa mnazobeba, fedha mnazotozwa kila hatua, na njia mnazopita siku mpaka unapofungwa. Bila majina. Juma lijalo saa hii nitayasoma yote hewani kama mlivyoyasema, na nakala nitaipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya mji.